Nyenje, dubia au mabuu? Kumchagulia pogona wadudu wa kula

Pogona ni mjusi wa nyika kame za ndani ya Australia. Akikasirika huvimbisha koo, likawa jeusi na miiba ikasimama kama ndevu za mzee. Mkubwa hufika sentimita 45 hadi 60 ukihesabu na mkia, na uzito wa gramu 300 hadi 500. Hula majani na wadudu, ila mizani hugeuka kadiri anavyokua: mchanga anayejenga mifupa huhitaji wadudu kwa karibu asilimia 80 ya chakula, na akishapita mwaka mmoja na nusu inakuwa kinyume chake, majani 80 na wadudu 20. Wafugaji wengi husahau kugeuza mizani hiyo, wakaishia na mjusi mnene mwenye ini la mafuta.

Kumtafuta mdudu mmoja bora kuliko wote ni kujisumbua bure. Chagua mdudu mmoja wa msingi, wa kila mlo. Ongeza mmoja wa kusaidia, anayeziba pengo la yule wa kwanza. Waliobaki wote wahesabu kuwa vitafunio. Wagombea wa nafasi ya msingi ni watatu: nyenje, mende wa dubia na nzige. Nafasi ya msaidizi, kwa maoni yetu, haina mshindani: ni mabuu wa nzi askari mweusi. Funza wa unga, zofoba (yule funza mkubwa wa kahawia) na funza wa nta wana kazi zao, lakini si kazi ya kila siku.

## Namba kwanza

Vipimo hivi ni vya gramu 100 za mdudu mbichi, aliye hai, kabla hajanyunyiziwa unga wowote:

| Mdudu | Maji (g) | Protini (g) | Mafuta (g) | Kalsiamu (mg) | Fosforasi (mg) |
|---|---|---|---|---|---|
| Nyenje mkubwa | 69 | 20.5 | 6.8 | 41 | 295 |
| Funza wa unga | 62 | 18.7 | 13.4 | 17 | 285 |
| Zofoba | 58 | 19.7 | 17.7 | 18 | 237 |
| Funza wa nta | 58.5 | 14.1 | 24.9 | 24 | 195 |
| Mabuu wa nzi askari | 61 | 17.5 | 14.0 | 934 | 356 |

Dubia na nzige tumewaacha nje ya jedwali kwa sababu vipimo vyao hupanda na kushuka sana kulingana na walichokula shambani. Kwa jumla wako jirani na nyenje: maji mengi, protini inayozidi au kukaribia asilimia 20, mafuta ya wastani, kalsiamu kidogo.

Soma safu mbili za mwisho. Mwili wa pogona unahitaji kalsiamu iwe sawa na fosforasi au iizidi, na lengo zuri ni mbili kwa moja. Nyenje ana moja kwa saba, upande mbaya. Funza wa unga ana karibu moja kwa kumi na saba. Fosforasi ikizidi namna hiyo, mwili huchota kalsiamu kutoka kwenye mifupa ili kusawazisha damu, na matokeo yake ni ugonjwa wa mifupa laini: taya linabonyea ukiligusa, vidole vinatetemeka, mgongo unapinda, mjusi anaburuta miguu badala ya kuinua tumbo.

Ndiyo maana unga wa kalsiamu ni lazima kwa kila mdudu isipokuwa mabuu wa nzi askari. Kiasi chenyewe ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Nyenje mkubwa ana takriban nusu gramu, ndani yake miligramu 1.5 za fosforasi na 0.2 za kalsiamu. Kufikia mbili kwa moja anahitaji miligramu 2.8 zaidi za kalsiamu, yaani kama miligramu 7 za unga wa kalsiamu kaboneti, kwa kuwa asilimia 40 tu ya unga huo ndiyo kalsiamu yenyewe. Nyenje kumi: miligramu 70. Ni ile chembe unayoibana kati ya vidole viwili. Mdudu aliyegeuka mweupe kama mandazi yaliyomwagiwa sukari ya unga amezidishiwa, na pogona wengi humkataa kwa ladha.

Kuna jambo ambalo hakuna mdudu anayeweza kulirekebisha. Kalsiamu haifyonzwi bila vitamini D3, na pogona huitengeneza D3 ngozini kwa miale ya UVB, sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho. Taa ya UVB iliyochakaa, au iliyowekwa nyuma ya kioo, huifanya hesabu yote ya hapo juu kuwa kazi bure. Vilevile sehemu ya kuotea joto isipofika nyuzi 38 hadi 42, chakula hulala tumboni bila kumeng'enywa. Kagua hivyo viwili kabla hujabadilisha mdudu.

## Nyenje dhidi ya dubia

Hapa ndipo uamuzi mkubwa ulipo, na tutakaa hapa kidogo.

Nyenje anamshinda dubia kwa mwendo. Anaruka, anakimbia, anachezesha vipapasio, na pogona mchanga asiyejua kula bado huvutwa na mwendo huo. Pogona wa wiki sita anaweza kumaliza nyenje wadogo 20 hadi 50 kwa siku, na nyenje ndiye anayepatikana kwa wingi huo katika saizi zote. Ana mafuta kidogo. Anazaliana haraka mno: kwenye joto la nyuzi 30 mayai huanguliwa kwa siku 10 hadi 14, na wiki sita hadi nane baadaye ni mkubwa.

Basi hapo sifa zake zimekwisha. Nyenje ananuka, au tuseme nyenje waliokufa ndio wanaonuka, na nyenje hufa kila siku. Dume hulia usiku kucha. Wanazama kwenye kisosi chenye maji ya kina cha nusu sentimita, kwa hiyo maji yao huwekwa kwenye sponji au pamba iliyoloweshwa. Wakibanwa wengi bila hewa, kinyesi chao hutoa amonia na kundi zima hufa ndani ya siku moja. Wanakata wavu wa plastiki kwa meno. Tundu la hewa lifunikwe kwa wavu wa chuma. Aina ya nyenje wa kahawia hafifu wanaouzwa zaidi Ulaya na Amerika, Acheta domesticus, ina ugonjwa wake wa virusi uliofilisi mashamba mengi ya Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha Amerika Kaskazini kuanzia 2009. Tangu hapo mashamba kadhaa yalihamia nyenje mweusi, Gryllus bimaculatus, ambaye Afrika Mashariki ni mwenyeji na hupatikana porini.

Tena nyenje anauma. Acha watano kizimbani taa zikishazimwa, mjusi akiwa amelala na mwili umepoa, na asubuhi utakuta ncha ya mkia au kope ina vidonda vidogo vyekundu. Mlishe mjusi mchana, wahesabu nyenje walioingia na walioliwa, na kama mmoja amejificha, weka kipande cha karoti pembeni: atakifuata usiku badala ya kumfuata mjusi, na asubuhi utamkamata hapo hapo.

Dubia ni mende wa Amerika ya Kusini, mzito, asiyenuka, asiyelia. Hawezi kupanda ukuta laini wa plastiki wala kioo. Dume ana mabawa lakini kuruka kwake ni kuanguka kwa heshima. Jike halitagi mayai nje. Huzaa watoto hai 20 hadi 40 kila baada ya miezi miwili hivi. Anaishi hadi mwaka mmoja na nusu au miwili, kwa hiyo vifo vya kila siku vya nyenje huvijui tena. Gramu kwa gramu ana nyama zaidi na ganda kidogo, na dubia mmoja mkubwa ni sawa na nyenje kadhaa.

Ubovu wake ni upole wake. Akiwekwa sakafuni anajichimbia, au anajilaza kama mfu, na pogona haoni cha kukimbiza. Mlishe kwenye bakuli lenye kuta laini na urefu wa sentimita 6 au 7, au kwa koleo. Ubovu wa pili ni subira: mtoto wa dubia huchukua miezi minne hadi sita kukomaa. Ukianza na majike 20 na madume watano, usivune chochote kwa miezi minne.

Piga hesabu kabla hujanunua. Majike 20, kila mmoja watoto 25 kwa miezi miwili, ni watoto 250 kwa mwezi. Pogona mkubwa anayekula dubia 15 kwa wiki anahitaji 60 kwa mwezi: kundi linatosha na linazidi. Pogona mchanga anayekula wadudu 40 kwa siku anahitaji 1,200 kwa mwezi: kundi litaisha kabla hajafikisha miezi mitano. Kwa hiyo anayemlea mjusi tangu udogoni hufanya vizuri kununua nyenje mwaka wa kwanza huku kundi la dubia likijengeka kimyakimya kabatini, kisha kuhamia.

Na mende jikoni? Mende wa nyumbani si dubia. Usimpe pogona mende uliyemkamata chini ya sinki. Amepita kwenye dawa, kwenye choo na kwenye pipa la taka, na hubeba minyoo. Dubia wa kufugwa amekula pumba na karoti maisha yake yote. Hiyo ndiyo tofauti, wala si sura.

Watu wenye pumu waangalie. Vumbi la kinyesi na maganda ya mende, na la nyenje pia, huamsha pumu na mafua ya mzio. Safisha kizimba cha dubia ukiwa nje, umevaa barakoa.

## Nzige

Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya nzige wa kufugwa huuzwa duka lolote la wanyama, na ni chakula kizuri: hawanuki, hawaumi mjusi aliyelala, wanakaa juu ya matawi ambako pogona anawaona. Ni ghali kwa kila mmoja. Miguu ya nyuma ya wale wakubwa ina miiba migumu. Ivunje kwenye goti kabla ya kulisha. Marekani huwapati madukani, kwa kuwa sheria za kilimo huwahesabu kuwa wadudu waharibifu wa mazao.

Afrika Mashariki nzige ni habari nyingine. Lile wimbi la nzige wa jangwani lililoingia Kenya mwishoni mwa 2019 na kuendelea 2020 lilipigwa dawa kwa ndege na kwa magari, na nzige aliyeyumba baada ya kunyunyiziwa ndiye rahisi zaidi kukamatwa na mtoto mwenye mfuko. Mjusi wa gramu 400 hana nafasi ya kuhimili sumu hiyo.

## Mabuu wa nzi askari mweusi

Rudi kwenye jedwali: miligramu 934 za kalsiamu. Ni zaidi ya mara ishirini ya nyenje, na uwiano wake na fosforasi ni kama 2.6 kwa moja bila kunyunyiza kitu. Mabuu kumi wenye gramu 2 kwa jumla wanabeba karibu miligramu 19 za kalsiamu.

Kuna mambo mawili ya kujua kabla ya kushangilia. Kalsiamu hiyo imo kwenye ganda, na ganda lisipovunjwa hupita moja kwa moja. Chura mmoja wa visiwa vya Karibi, ambaye humeza bila kutafuna, alipopewa mabuu wazima alifyonza chini ya nusu ya kalsiamu yao; walipopondwa kwanza, aliifyonza karibu maradufu. Pogona hutafuna, kwa hiyo hali yake ni nafuu, lakini ukiona mabuu wazima kwenye kinyesi jua hawajamfaa. Wachague wakubwa kidogo anaolazimika kuwauma, au watoboe kwa sindano safi.

La pili ni mafuta: asilimia 14, mara mbili ya nyenje. Ndiyo sababu tunamwita msaidizi. Pogona mchanga anaweza kupewa 10 hadi 15 kwa siku juu ya nyenje wake. Mkubwa, 10 mara mbili kwa wiki.

Kwa msomaji wa Kenya na Tanzania huyu ndiye mdudu wa bahati. Anafugwa kwa ajili ya kuku na samaki, na icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoko Nairobi, imefanya kazi kubwa ya kufundisha ufugaji wake. Ila uliza swali moja kabla ya kununua: wamelishwa nini? Kuna mabuu wa taka za mboga, kuna wa samadi, na kuna wa kinyesi cha binadamu. Kwa chakula cha kuku kiwanda huwapitisha kwenye joto. Wewe unawalisha hai. Chukua wale wa mboga, matunda au pumba pekee. Waoshe, wakaushe, uwaweke kwenye pumba kavu mahali penye nyuzi 10 hadi 15, na watatulia wiki mbili au tatu. Wakigeuka weusi wamekaribia kuwa pupa. Bado wanalika, ila ganda limekuwa gumu.

## Funza watatu

Funza wa unga amesingiziwa. Huambiwa ganda lake huziba utumbo, lakini ukipima nyuzi ngumu za mwili, nyenje mkubwa anazo zaidi kidogo. Kuziba tumbo huja kwa baridi, kiu, mchanga kizimbani au mdudu mkubwa kupita kiasi. Kosa la kweli la funza wa unga ni mafuta na ile kalsiamu ya moja kwa kumi na saba. Uzuri wake ni uvivu: hukaa kwenye friji, nyuzi 7 hadi 10, miezi bila kukua. Watoe siku moja kabla, wape karoti na pumba, ndipo uwalishe. Wanaofaa zaidi ni wale waliojivua ganda muda mfupi uliopita, weupe kama maziwa na laini kama tambi iliyoiva. Baada ya saa chache rangi ya kahawia hurudi na ganda huwa gumu.

Zofoba ni mkubwa, mkali, na ana mafuta zaidi. Usimweke kwenye friji, atakufa. Ile hadithi kwamba akimezwa hutoboa tumbo na kutoka ubavuni ni hadithi tu: pogona humponda kabla hajamfikisha tumboni. Mpe pogona mkubwa tu, watatu au wanne kwa wiki.

Funza wa nta ni robo mafuta. Ni chakula cha jike aliyetoka kutaga au mjusi anayetoka kwenye ugonjwa. Pogona mzima akizoea wawili kila siku, baada ya wiki mbili atageuza uso akiona nyenje. Na ni yule yule nondo anayeharibu masega ya mizinga. Mwenye nyuki jirani hatakushukuru ukimfuga bila kifuniko.

Viwavi wa hariri na viwavi wa tumbaku, wanapopatikana, ni chakula cha maji mengi na mafuta kidogo. Vizuri kwa mjusi aliyekauka au mnene. Kiwavi wa tumbaku uliyemtoa kwenye shamba la nyanya au tumbaku ana sumu ya mmea huo mwilini. Wa duka hulishwa chakula maalumu.

## Wa kuokota: kumbikumbi, senene, panzi

Mvua ikinyesha na kumbikumbi wakajaa chini ya taa, kishawishi ni kikubwa. Wana mafuta mengi sana, senene vilevile, na hujui udongo waliotoka ulimwagiwa dawa ya mchwa lini. Senene wa sokoni mara nyingi wamekwisha kukaangwa na kutiwa chumvi. Panzi wa majani ya uwanjani anaweza kuwa amebeba minyoo. Tusikufiche: wapo wanaolisha panzi wa porini na mjusi akaishi. Lakini ukishakuwa na nyenje wa kufuga, hatari hiyo hainunui chochote.

Kimulimuli ni suala la kufa. Vimulimuli wa Amerika wana sumu ya moyo, na mmoja tu ameua pogona ndani ya saa mbili. Aina zetu zisijaribiwe. Ukiwasha taa karibu na dirisha wazi usiku, hakikisha kizimba kimefunikwa.

## Unamlisha mdudu ili amlishe mjusi

Nyenje mwenye tumbo tupu ni ganda lenye maji. Saa 24 hadi 48 kabla ya kulisha, mpe chakula kikavu cha nafaka kilichosagwa pamoja na karoti, boga, kiazi kitamu na sukuma wiki. Mchicha ni mboga yetu pendwa, lakini una oksalati nyingi inayofunga kalsiamu. Uwe wa mara moja moja, si wa msingi, kwa mdudu wala kwa mjusi.

Kunyunyiza hufanyika dakika moja kabla ya mlo, kwa sababu nyenje hujipangusa na baada ya saa chache unga mwingi umeanguka. Weka chembe ya unga kwenye chombo kirefu chenye kifuniko, tia wadudu wa mlo huo, zungusha taratibu mara tatu nne, usitikise kama chupa ya dawa. Wamwage kwenye bakuli. Unga uliobaki chini ya chombo ni kipimo chako: ukiwa mwingi, punguza kesho.

Mchanga apate kalsiamu bila D3 siku tano kwa wiki, na vitamini mchanganyiko mara moja. Mkubwa: kalsiamu mara mbili au tatu kwa wiki, vitamini kila wiki mbili. Unga wenye D3 utumie mara mbili kwa mwezi ikiwa UVB ni nzuri. D3 ikizidi ni sumu, kwani huweka kalsiamu kwenye figo na mishipa.

Wasio na duka la wanyama karibu wana njia. Mfupa wa ngisi unaookotwa ufukweni, ukilowekwa siku kadhaa kuondoa chumvi, ukaanikwa na kusagwa mpaka uwe laini kama poda, ni kalsiamu kaboneti. Maganda ya mayai yaliyochemshwa dakika kumi, yakakaushwa na kusagwa, vilevile. Usinunue DCP kwenye duka la pembejeo za mifugo: ni kalsiamu iliyoungana na fosforasi, na fosforasi ndiyo uliyokuwa unaikimbia.

## Kiasi na saizi

Kipimo cha saizi ni nafasi kati ya macho mawili ya mjusi. Mdudu asipite upana huo.

Hadi miezi mitatu: mara mbili au tatu kwa siku, anachoweza kula kwa dakika 10 hadi 15, kisha toa kilichobaki. Miezi minne hadi kumi na miwili: mara moja au mbili kwa siku, na majani kila asubuhi kabla ya wadudu, maana akishiba nyenje hataigusa sukuma. Kuanzia mwaka na nusu: mara mbili au tatu kwa wiki, kila mlo nyenje wakubwa 8 hadi 10 au dubia wakubwa wanne hadi sita. Mpime kwa mizani ya jikoni kila mwezi. Uzito ukipanda miezi miwili mfululizo huku urefu umesimama, ondoa funza wote kwanza, usiguse majani.

## Unaishi wapi?

Marekani na Uingereza: dubia kama msingi, mabuu wa nzi askari kama msaidizi, Uingereza nzige badala ya dubia ni sawa. Kanada dubia hawaruhusiwi, kwa hiyo msingi ni nyenje, na wanaochoshwa na kelele hutafuta aina ya milia, ambayo sauti yake ni ndogo zaidi.

Afrika Mashariki tungesema nyenje weusi na mabuu, bila kusita. Kuingiza mende wa kigeni hai mpakani ni kutafuta kesi, na huhitaji: Dar es Salaam na Mombasa joto la nyumba peke yake linatosha kuzalisha nyenje. Chombo cha lita 50 hadi 60, trei za mayai zimesimamishwa wima, kopo la udongo mbichi wa kina cha sentimita 5 kwa ajili ya kutagia. Litoe kopo baada ya siku mbili au tatu, lifunike, liweke mahali pa joto hadi vifaranga vinavyofanana na chembe za pilipili manga vianze kurukaruka. Nairobi mwezi wa Julai kundi litadumaa bila mkeka wa joto wenye kidhibiti.

Adui wawili huangusha makundi ya huku. Sisimizi ndiye wa kwanza. Simamisha miguu ya meza kwenye makopo yenye maji na tone la mafuta, kama kabati za chakula za zamani. Wa pili ni wewe mwenyewe na dawa ya mbu. Kupuliza chumbani, au kuwasha koili karibu, kutaua nyenje wote kabla ya mbu wa mwisho, na waliobaki wakiyumba wasimfikie mjusi.

## Akikataa

Pogona aliyezoea funza wa nta hurudi kwenye nyenje kwa njaa kidogo. Mkubwa mwenye afya anaweza kukaa siku nne au tano akila majani tu bila madhara. Mpe mdudu wa msingi kila siku ya pili, kwa koleo, saa mbili baada ya taa kuwaka mwili ukiwa umepata joto. Unaweza kupasua funza mmoja wa nta na kumpaka nyenje utomvu wake kichwani: akiramba, atauma. Mchanga wa chini ya miezi minne hana akiba hiyo. Akikataa siku mbili mfululizo, pima joto la sehemu ya kuotea siku hiyo hiyo, na kama liko sawa peleka kinyesi chake kibichi kwa daktari wa mifugo akitafute koksidia, vimelea ambavyo nyenje waliokula kinyesi cha mjusi huvirudisha kizimbani tena na tena.